Kupakua na Kugawana Mafaili kwa Torenti: Hatari Zake, Sheria ya Nchi na Hukmu ya Dini

SWALI:

Mimi ni kijana wa Pemba, niko Samuye, mkoa wa Shinyanga, kwa kutafuta riziki. Nina steshenari ndogo. Natoa kopi, nachapa barua, na pia nawaingizia watu filamu, nyimbo na mawaidha kwenye memori kadi na flashi. Mafaili mengi nayapakua kwa torenti usiku, bando likiwa rahisi. Windows na programu nyengine za kompyuta yangu ni hizi za kukreki. Wateja wangu wengi ni vijana wanaokwenda machimboni Kahama na Geita. Mwenzangu mmoja ananambia kazi hii ni kosa kisheria na pesa yake haifai kumtumia mama nyumbani. Mwengine anasema si wizi, kwa sababu mwenye filamu bado anayo, hakupungukiwa na kitu. Naomba ufafanuzi.

JIBU:

Sifa zote njema Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu. Swala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, ahli zake, Swahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Tunamshukuru ndugu yetu kwa kuuliza kabla ya kuendelea, na kwa kujali kinachoingia tumboni mwa mama yake. Suala hili linawagusa wengi. Vijana wetu wa Unguja, Pemba na Mafia wametapakaa bara yote kwa biashara, na hata waliobaki visiwani wana simu na kompyuta zilizojaa mafaili ambayo hawajui yametoka wapi. Kwa hiyo tumeona tulieleze kwa urefu: torenti inafanyaje kazi, hatari zake, sheria inasemaje, kisha dini inasemaje.

1. TORENTI INAFANYAJE KAZI

Mtu akipakua faili kwa njia ya kawaida, faili hilo linatoka kwenye seva moja na kuja kwake. Anapokea tu. Kugawana moja kwa moja baina ya watumiaji ni jambo jengine. Faili hukatwa vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo viko kwenye kompyuta za watu wengi duniani. Ni mfano wa juzuu 30 zilizogawiwa watu 30, kila mmoja na yake, na kwa pamoja Msahafu mzima upo barazani. Kompyuta yako hukusanya kipande hiki kwa huyu na kile kwa yule mpaka faili litimie.

Utaratibu huu si mpya. Napster ilianza mwaka 1999 kwa ajili ya nyimbo, na mwaka 2001 ikafungwa baada ya kushitakiwa mahakamani Marekani. Mwaka huohuo wa 2001 Bram Cohen alitoa BitTorrent, ambayo ndiyo asili ya hizi torenti za leo. LimeWire nayo ilisimamishwa kwa amri ya mahakama mwaka 2010.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo ndilo msingi wa jibu letu lote, ni hili: unapopakua kwa torenti, wakati huohuo unagawa. Kila kipande kinachofika kwako, programu yako huanza kuwapa wengine wanaokitaka. Faili likishatimia, programu huendelea kuligawa mpaka uizime. Kwa hivyo mtu aliyelala usiku Samuye, kompyuta yake iko macho inawagawia filamu watu wa Brazili na Indonesia ambao hawajui, kwa bando alilolinunua yeye.

Basi kwenye torenti hakuna anayechukua tu. Kila anayechukua ni mgawaji pia. Na mgawaji ana hukmu yake, katika sheria na katika dini.

2. HATARI KWA KOMPYUTA NA KWA WATU

Kwanza: jina la faili si dhamana ya kilichomo. Mtu yeyote anaweza kuweka faili na kuliita jina la filamu mpya. Ukilipakua, mwisho wa jina lake ukaona .exe, hiyo si filamu, ni programu inayosubiri uifungue. Windows kwa kawaida huficha herufi hizo za mwisho, na mdanganyifu huandika .mp4 katikati ya jina ili ufikiri ni video.

Pili: programu za kukreki. Maelezo yake mara nyingi hukutaka uzime kinga ya virusi kabla ya kuiweka. Huko ni kumfukuza mlinzi wako mwenyewe, kisha ukamfungulia mlango mtu usiyemjua. Mfano wake ni virusi vinavyoitwa STOP, maarufu pia kwa jina la Djvu, vilivyoanza kuenea mwaka 2018. Njia yake kubwa ni hizihizi programu za kukreki na vifaa vya kutengenezea namba za siri za programu. Vikiingia, hufunga kwa siri kila picha, barua na hesabu iliyomo, kisha huacha ujumbe wa kudai dola 980, au dola 490 kwa atakayewasiliana nao ndani ya saa 72. Mwaka 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa chombo cha bure cha kufungulia mafaili yaliyofungwa na aina nyingi za zamani za virusi hivyo, lakini aina zilizotoka baada ya hapo kwa sehemu kubwa hazifunguki. Waathirika wake wengi si mabenki. Ni watu wa kawaida, wanafunzi na wenye vijiduka.

Tatu: wizi wa nywila. Baadhi ya virusi hivyo hivi havidai fedha. Hukaa kimya, vikakusanya nywila zote ulizozihifadhi kwenye kompyuta na kuzipeleka kwa mwizi. Baada ya wiki mbili unasikia ndugu zako wamepokea ujumbe kutoka kwenye akaunti yako, wakiombwa watume pesa.

Nne: kugawa usichokusudia. Programu za zamani za kugawana zilikuwa zikifungua folda nzima kwa watu wa nje, na mwenyewe hana habari. Mwezi Februari 2010 Kamisheni ya Biashara ya Marekani iliziandikia taasisi zipatazo 100 kuziarifu kwamba taarifa binafsi za wateja na wafanyakazi wao zimeonekana kwenye mitandao ya kugawana mafaili.

Tano: hata programu yenyewe ya torenti si salama kila wakati. Mwezi Machi 2016 wahalifu waliingilia tovuti ya Transmission, programu ya torenti inayojulikana, wakaweka toleo lenye virusi vya kufunga mafaili. Walioipakua kutoka kwenye tovuti ya asili walidhurika pia.

Hapa tunamuomba ndugu yetu wa Samuye azingatie jambo moja. Kompyuta ya steshenari si ya mtu mmoja. Humo hupita nakala za vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa, barua za kuomba kazi, hati za viwanja, pengine na mitihani ya skuli. Na kila flashi inayochomekwa hapo hutoka na kwenda kwenye kompyuta nyengine, ya mwalimu, ya zahanati au ya ofisi ya kijiji. Mteja anapokupa cheti chake ukitoe kopi, amekupa amana. Ukiwa unapakua torenti na programu za kukreki kwenye kompyuta hiyohiyo, umeiweka amana ya watu mahali pasipo na kufuli. Hata kama filamu zingekuwa halali, hili peke yake lingetosha kumzuia Muislamu mwenye kumcha Mola wake.

3. SIMU NA MEMORI KADI

Wako watakaosema: sisi hatutumii torenti, tunarushiana kwa Xender au SHAREit. Hizo nazo ni njia za kugawana baina ya mtu na mtu, tofauti yake ni kuwa mko karibu. Hazili bando, na ndiyo maana zimeenea sana vijijini na machimboni ambako intaneti ni ghali au dhaifu. Lakini hazikuepushi na hatari. Mwezi Februari 2021 watafiti wa kampuni ya Trend Micro walitangaza kasoro kwenye SHAREit ya Android ambazo zingeweza kumpa mtu mbaya njia ya kufikia taarifa za simu. Kampuni yenye programu ikasema baadaye kuwa imezirekebisha. Basi mwenye toleo la zamani alilorushiwa na rafiki bado anatembea nalo na kasoro zake.

Lililo baya zaidi ni kurushiana programu zenyewe za simu, hasa zile za WhatsApp zilizobadilishwa. Programu ya namna hiyo haikupitia ukaguzi wowote, nawe unaikabidhi mazungumzo yako, picha za familia yako na namba za watu wote unaowajua.

4. SHERIA YA NCHI INASEMAJE

Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, iliyoanzisha COSOZA. Kazi za nje nazo zinalindwa, kwani Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994. Kwa hivyo kusema hii ni filamu ya Kihindi, mwenyewe yuko mbali, si hoja mbele ya hakimu.

Juu ya hizo ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Sheria hii inatumika Bara na Zanzibar, isipokuwa kifungu chake cha 50. Kifungu cha 24 kinakataza kutumia kompyuta kwa nia ya kuvunja haki za ubunifu. Kama ilivyotungwa, adhabu yake ni hizi:

• Bila ya biashara: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

• Kwa biashara: faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili, na juu yake fidia kwa aliyedhulumiwa.

Tazama, ndugu msomaji, hata asiyeuza hakusalimika. Na mwenye kuingiza nyimbo kwenye memori kadi kwa malipo, hata akichukua shilingi 500 tu, yumo katika kundi la pili.

Ipo na hatari nyengine ya kisheria ambayo wengi hawaifikirii. Faili uliloliamini kuwa ni katuni ya watoto linaweza kuwa ni uchafu. Vifungu vya 13 na 14 vya sheria hiyo vinakataza kusambaza picha chafu, na za watoto adhabu yake ni kubwa zaidi. Kwa kuwa torenti inagawa huku inapakua, unaweza kuwa umeshawasambazia wengine kabla hata hujalifungua faili ukaona kilichomo.

Wengine hujificha nyuma ya VPN. Tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kusajili matumizi yao kabla ya tarehe 30 Oktoba 2023. Kwa hivyo anayefanya kosa la kwanza akalifunika kwa VPN isiyosajiliwa, amejiongezea la pili. Na bila ya VPN, anwani ya IP ya kila anayegawa inaonekana wazi kwa wenzake wote wanaogawana faili hilo, na miongoni mwao huwamo watu waliotumwa na wenye kazi kuorodhesha wagawaji.

Hilo la kuorodheshwa wanalijua vyema ndugu zetu walioko Ujerumani. Huko mwenye laini ya intaneti hupokea barua ya wakili inayomdai mamia ya yuro kwa filamu moja iliyopakuliwa nyumbani kwake, pengine na mgeni aliyepewa nywila ya Wi-Fi. Uingereza, sheria ya mwaka 2017 imepandisha kifungo cha juu kabisa cha kosa la hakimiliki mtandaoni kufikia miaka 10. Oman nayo ina sheria ya hakimiliki iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme Na. 65 ya mwaka 2008. Kwa hivyo mwenye mwana au ndugu Muscat au Berlin amtahadharishe.

5. HUKMU YA DINI

Suala la kwanza: je, kazi ya akili ni mali? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, lilikutana Kuwait mwezi Disemba 1988 (Jumaadal-Uulaa 1409) na likatoa azimio Na. 43. Azimio hilo limethibitisha kwamba jina la biashara, haki ya utunzi na haki ya ugunduzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali kwa mazoea ya zama hizi, zinalindwa na shari’ah, na haijuzu kuzifanyia uadui. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia nayo ilijibu kuwa haifai kunakili programu za kompyuta ambazo wenyewe wamekataza, kwani Waislamu hufungwa na masharti waliyokubaliana, na mali ya mtu haiwi halali ila kwa ridhaa yake.

Ni uadilifu kutaja kwamba wapo wanachuoni waliolegeza kwa mtu anayenakili kwa haja yake mwenyewe tu, si kwa kuuza wala kugawa. Lakini rukhsa hiyo, hata kwa anayeifuata, haimfikii mtu wa torenti. Sharti lake ni kutogawa, na torenti haifanyi kazi ila kwa kugawa. Wala haimfikii mwenye duka la kuingiza nyimbo, kwani yeye anauza.

Suala la pili: hoja ya kwamba mwenye kazi hakupungukiwa na kitu. Aliyeandika kitabu, aliyerekodi qaswida au aliyetengeneza programu hakuuza karatasi wala CD. Ameuza juhudi yake ya miezi na miaka. Ukiwapa watu mia kazi yake bila ya ruhusa, umemkatia wanunuzi mia. Allaah Ametukataza kuliana mali zetu kwa batili (Al-Baqarah: 188), na ni batili kula jasho la mtu bila ya ridhaa yake.

Suala la tatu: hoja ya kwamba wenye filamu na programu ni makafiri. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam) alipohama Makkah, washirikina wakiwa wanataka kumuua, alimuacha nyuma ‘Aliy (Radhiya Allaahu ‘anhu) ili azirejeshe amana za watu kwa wenyewe. Wenye amana hizo walikuwa ni hao hao watu wa Makkah. Basi mali ya asiyekuwa Muislamu haihalaliki kwa ukafiri wake.

Suala la nne: kugawa ni njia yenye kuendelea. Tumefundishwa katika Hadiyth Swahiyh kwamba anayeanzisha mwendo mbaya hubeba mzigo wake na mizigo ya wanaomfuata, bila ya wao kupunguziwa. Anayewagawia watu filamu za uchi usiku kucha, hajui ni wangapi wamezipokea kutoka kwake. Na hapa tukumbushe kwamba filamu na nyimbo zenye maasi ni haramu hata kama zimenunuliwa kwa njia halali.

6. JIBU LA NDUGU YETU

Kazi ya steshenari, yaani kutoa kopi za nyaraka za watu, kuchapa, kukata picha za pasi na kujaza fomu, ni halali, na kipato chake mtumie mama yako bila ya wasiwasi in shaa Allaah. Kuingiza filamu, nyimbo na programu za watu bila ya idhini yao ni jambo la kuacha leo, na kipato chake hakifai. Kwa yaliyopita kabla ya kujua, tubu na uazimie kutorudia. Kilichobaki mkononi kutokana na kazi hiyo, na wenyewe hawajulikani, kitoe kwa masikini kwa niaba yao. Unayemjua, kama mwimbaji wa hapo Shinyanga au sheikh uliyeuza mawaidha yake, muendee umuombe ridhaa. Huenda akakupa idhini ya kuendelea, na hapo ukawa wakala wake. Hilo ni bora kwake na kwako.

Kisha isafishe kompyuta yako. Hifadhi nyaraka zinazohitajika, futa programu za kukreki, weka upya mfumo, kisha ubadilishe nywila zako zote kwa kutumia kifaa chengine kilicho salama.

7. YALIYO HALALI, NA NASAHA KWA FAMILIA

Torenti kama chombo si haramu. Ni kama jahazi, hukmu yake inafuata inachobeba. Mfumo wa Linux hugawiwa kwa torenti kwa ruhusa ya wenyewe, na LibreOffice inatosha kwa barua na hesabu bila ya kulipa hata senti. Msahafu unapatikana bure kutoka Jumba la Mfalme Fahd la kuchapisha Qur-aan Madiynah. Masheikh wengi pia wametangaza kuwa mawaidha yao yasambazwe, lakini thibitisha kwanza, usidhanie.

Kwa wazazi tunanasihi haya:

• Muulize mwanao programu na filamu zake zinatoka wapi, kama unavyomuuliza pesa katoa wapi.

• Programu za simu zichukuliwe kwenye duka rasmi tu, wala zisipokewe kwa kurushiwa.

• Nywila ya Wi-Fi ya nyumba isigawiwe mtaa mzima. Mwenye laini ndiye wa kwanza kuulizwa.

• Picha za familia na nyaraka muhimu ziwe na nakala kwenye flashi inayokaa kabatini, haichomekwi madukani.

• Kompyuta ikifungwa na virusi, usiwalipe wahalifu. Itenge na mtandao na utafute fundi mwaminifu.

• Ujumbe wa kuomba pesa, hata ukitoka kwenye namba ya ndugu, mpigie kwanza umsikie sauti yake. Ujumbe mfupi wa kitapeli upeleke namba 15040 ya TCRA.

Riziki ya halali hata ikiwa ndogo ina baraka, na kijana aliyevuka bahari na kufika Samuye kumtafutia mama yake hakufuata haramu huko. Tunamuomba Allaah Amfungulie milango ya kheri, Awalinde vijana wetu popote walipo, na Atutosheleze kwa halali Yake kutokana na haramu Yake.

Na Allaah Anajua zaidi.